Nilivyokwenda Kuhubiri Nikapigiwa Vigelegele

Jumapili ya Pentekoste, kanisani Mji Mkongwe, mhubiri alituuliza: mitume walifungua mlango wakatoka, wewe jirani yako umemwambia nini? Niliona ananisema mimi. Pale Kiembe Samaki nimepakana na Mwislamu mmoja kwa miaka thelathini. Ramadhani ananiletea futari, Krismasi nampelekea pilau ya kuku aliyemchinja yeye mwenyewe, na habari za Kristo sikuwahi kumtamkia hata neno moja.

Mimi si msemaji. Kwa hiyo niliandika barua ya kurasa mbili, kwa Kiswahili cha mtihani wa kidato cha nne, nikaifunga ndani ya kitambaa chekundu, rangi yetu ya sikukuu ile. Nikavaa koti. Na kwa woga nikamchukua mzee mwenzangu wa kanisani anisindikize.

Mtu wa Unguja akisoma hapa ameshacheka. Wazee wawili, makoti, saa za alasiri, barua ndani ya kitambaa. Mimi mgane. Na nyumba ile anakaa dada yake jirani, aliyefiwa na mume. Kila mtu angeiona posa, isipokuwa mimi.

Jirani alikitazama kitambaa, kisha akaita ndani, "Tieni kahawa! Na ile halua!"

"Nimekuja na jambo zito," nikasema.

"Nnaona, jirani. Nimelingoja siku nyingi."

Nilidhani Roho amenitangulia.

"Ni jambo la imani."

"Lazima tuanzie hapo!" Machozi yalimlenga. "Huwezi kuoa kwetu bila ya kusilimu. Alhamdulillahi!"

Ndani vikapigwa vigelegele.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sikusema. Nilikuwa na halua mdomoni, na halua haimezwi haraka. Lakini nilipoimeza nilichukua kipande cha pili, na hicho hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Mwenzangu alinifinya paja. Niliogopa kumpoteza jirani na kumwaibisha dada yake, na kila nilivyonyamaza ndivyo aibu yake ilivyozidi. Jirani aliposhika simu kumwita shehe, ndipo nilipopayuka, "Sikuja kuposa! Nimekuja kukuhubiria!"

Vigelegele vikakatika. Dada mtu akatokea mlangoni.

"Na nani kakwambia ningekukubali? Magoti yenyewe yanalia kama mlango!"

"Nisamehe, Bi."

"Haya, isome hiyo barua. Kahawa nshapika."

Nikasoma. Sikufika mbali.

"Miaka thelathini unakula futari yangu," jirani akasema, "leo ndo unaniarifu kuwa nimepotea?"

Dada yake ndiye aliyeniokoa. "Weka karatasi. Mkeo alipofariki nilikuwa nakusikia jikoni kwako unaimba, tena vibaya. Ulikuwa unaimba nini?"

Nikamwambia. Kwamba maneno ya sala yalinikauka, nikawa naimba nyimbo za mke wangu huku nikiunguza wali, na kwamba niliamini jikoni mle sikuwa peke yangu, Yesu alikuwa pamoja nami. Nilisema hivyo hivyo, kama mtu anavyosema na jirani. Walisikiliza mpaka mwisho. Kisha dada naye akanieleza alivyosali siku za eda ya mumewe, nami nikamsikiliza, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Siku ile ya Pentekoste ya kwanza kila mtu aliwasikia mitume kwa lugha ya kwao. Mimi nilikuwa nimemwandikia msahihishaji wa mitihani. Laiti ningaliwaambia habari ya jikoni miaka ile ile!

Hakuna aliyebadili dini. Jirani alinikwepa siku nne, na siku nne hizo zilinitesa; ya tano alikuja barazani, akakaa, akaanza kulalamikia umeme. Dada yake amewatangazia wanawake wa mtaa mzima kwamba nilimposa akanikataa. Wakinipita wananipa pole. Naipokea, na sikanushi.