Mguu wa Bi Breki

Alikuwepo mwalimu wa udereva ambaye mguu wake wa kulia ulikuwa na akili zake. Mwenyewe alikuwa mtu mtulivu, mjane wa miaka hamsini na mitatu, viatu bapa, miwani ya kamba shingoni, sauti isiyopanda hata akikanyagwa kidole. Lakini mguu ule haukumsikiliza mtu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekalia kiti cha abiria cha gari la shule, lile lenye breki ya pili iliyofungwa chini kwa ajili ya mwalimu, na miaka yote hiyo mguu uliikanyaga breki ile kabla macho hayajaona kitu. Paka akipiga miayo ng'ambo ya barabara, gari limesimama. Wanafunzi walimwita Bi Breki, na wapo walioapa kwamba aliwahi kulisimamisha gari likiwa gereji, juu ya jeki, halina magurudumu.

Watu walicheka, naye alicheka nao, mpaka siku mkuu wa shule alipomwita ofisini. Mkuu huyo alifundishwa kuendesha na Bi Breki mwenyewe akiwa hajaota ndevu, kwa hiyo maneno yake yote aliyaelekeza kwenye stepla iliyokuwa mezani. Akasema wanafunzi wa Mwalimu ni wazuri, wanajua gia, wanajua vioo, ila wote wanaanguka mtihani mahali pamoja: kwenye njia panda. Hawajawahi kusimamisha gari maishani mwao, wanasimamishiwa. Siku ya mtihani mtahini anakaa pale kwenye kiti cha Mwalimu, amefunga mikono, na gari linapita taa nyekundu kama msafara wa harusi. Yule mwanafunzi wake fundi cherehani ameanguka mara tatu sasa. Akianguka ya nne mwezi ujao, Mwalimu atatoka garini, atafundisha alama za barabarani darasani, kwa fimbo na ubao.

"Darasani kuna feni, Mwalimu," mkuu aliiambia stepla.

"Na mimi feni niliiomba lini?"

Alitoka ofisini. Feni haikuwa na ubaya. Lakini kulikuwa na kitu alichokuwa anakipata garini tu: ile dakika mtu mzima, aliyekuja anatetemeka kama amepelekwa kuchinjwa, anageuza usukani na kugundua kwamba lile dude zito linamtii. Uso unafunguka. Bi Breki alikuwa ameona nyuso mia tisa zikifunguka, na kila moja aliikumbuka. Darasani angebaki na picha za ng'ombe ndani ya pembetatu.

Basi akaamua kuutia adabu mguu. Akaufunga kwa kamba kwenye kiti. Mguu ukaenda na kiti. Akaukalia, ukafa ganzi, lakini ile breki ikakanyagwa na wa kushoto, ambao haukuwa hata na kesi. Fundi cherehani hakugundua lolote. Yeye alikuwa na shughuli zake, maana miaka thelathini ya kukanyaga cherehani ilimfundisha kwamba chochote kilicho chini ya mguu hukanyagwa na kuachiwa, hukanyagwa na kuachiwa, na gari lilikwenda kwa kwikwi mtaa mzima.

Mwishowe Bi Breki akamweleza shemeji yake, mume wa dada yake, fundi magari, mtu wa maneno mengi na sabuni kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada mtu, shemeji alinyamaza akafikiri. Kisha akasema nje ya mji, kwenye uwanja wa ndege wa zamani, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wa kawaida hupeleka magari yao wenyewe kushindana wawili wawili, mita mia nne, mstari mnyoofu, mchana kweupe, gari la wagonjwa likisubiri pembeni.

"Shemeji, mguu wako hauogopi gari. Unaogopa kuachia. Upeleke mahali ambapo kusimama ndiyo kosa."

Gari alikuwa nalo. Mwaka aliotimiza hamsini alijinunulia gari la spoti la watu wawili, kuukuu, jekundu, fupi kiasi kwamba kuingia ndani ilikuwa kama kuvaa suruali. Watu walidhani amepatwa na wazimu wa ujane. Kumbe alitaka kitu kimoja tu, kukaa mbele ya usukani baada ya miaka yote ya kukaa pembeni yake. Sasa shemeji aliliingia kwa spana wiki mbili. Alipomaliza, alisema injini ile ingeweza kung'oa jino la tembo, na tembo akashukuru.

Jumamosi ikafika. Bi Breki alivaa kofia ngumu ya kuazima, akapangwa na daktari wa meno mwenye gari jeupe refu. Daktari alimsalimia kwa heshima, akamwangalia meno, akaridhika. Wakasogea kwenye mstari.

Taa ya kijani ikawaka.

Bi Breki akatazama kioo cha kati. Akatazama cha pembeni. Akageuza shingo kuhakikisha hakuna baiskeli nyuma ya bega, akawasha indiketa, akashusha breki ya mkono, akaondoka kama inavyotakiwa na sheria. Daktari wa meno alikuwa ameshafika na kuvua kofia. Hata hivyo gari jekundu likashika kasi, likanguruma, mshale wa spidi ukapanda, na ulipogusa tisini ule mguu ukaamka usingizini ukapiga breki. Kimya. Gari katikati ya uwanja, indiketa bado inapepesa. Mwenye kipaza sauti akauliza kama kuna abiria anashuka hapo, na watu mia nne wakashika mbavu.

Kila gari lilikuwa na mbio mbili. Alikaa kwenye foleni ya pili karibu saa nzima, jua limesimama juu ya bati, na hakufungua dirisha kwa sababu shemeji alikuwa nje akieleza watu jambo lilivyotokea, kila mara kwa njia tofauti. Ndani ya joto lile akaukumbuka mwezi wake wa kwanza kazini. Mwanafunzi aliyekunja kona vibaya, mtu wa baiskeli, breki iliyokuja kwa kuchelewa kidogo tu, kiasi cha kupepesa jicho. Gurudumu la baiskeli lilipinda. Mtu yule alinyanyuka, akajipangusa vumbi, akatukana kwa kiasi, akaenda zake. Mguu wa Bi Breki ndio haukunyanyuka pale. Tangu siku ile ulikuwa unawahi, ukimwahi mtu ambaye alishapita zamani, na huenda alishazeeka na baiskeli ameuza.

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Lami tupu, ndefu, wala hapakuwa na mtu wa kuwahiwa.

Taa ilipowaka mara ya pili aliviacha vioo. Alikanyaga mafuta mpaka chini, mgongo ukagandana na kiti, miwani ikapanda kwenye paji la uso. Gia ya pili. Gia ya tatu. Pale pale kwenye tisini hofu ikaja, ikatoka kwenye nyayo, ikapanda magotini, ikapita tumboni, ikafika kooni, ikakaa. Mguu ukataka kuondoka. Akauacha utake. Na hofu ilipoona hakuna anayeipisha wala anayeifukuza, ikakaa kidogo zaidi, kisha ikaanza kushuka yenyewe, na gari likavuka mstari.

Sekunde kumi na saba. Daktari wa meno alikuwa amemshinda tena, kwa umbali wa kumaliza mgonjwa mmoja. Shemeji alikimbia mpaka mwisho wa uwanja, akamkuta ametulia, machozi yanamtoka, anacheka.

"Kuna nini?"

"Imepita, shemeji. Nilidhani breki ndiyo inayoishusha. Kumbe inashuka yenyewe."

Shemeji, aliyedhani anaambiwa habari za injini, akafungua boneti.

Jumatatu Bi Breki akampakia fundi cherehani. Wakaenda kwa kwikwi mpaka njia panda yenye alama ya kusimama, na kwa mbali upande wa kulia lori la kokoto lilikuwa linakuja. Bi Breki alipima umbali kwa macho, ulitosha. Akaweka mguu pembeni ya breki, siyo juu yake. Hofu ikapanda njia yake ya siku zote. Fundi alisubiri gari lisimame kama kawaida yake. Halikusimama. Akamtazama Mwalimu, akatazama lori, akatazama chini kwenye miguu yake kama mtu anayetafuta sindano, kisha akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likasimama nyuma ya mstari, na lori likapita zake.

Fundi akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, breki yako imekufa?"

"Iko hai."

"Mbona haikuja?"

"Ilikuwa inakusubiri wewe."

Fundi akafuta jasho. Akakiri kwamba miezi saba yote alidhani gari lile linasimama lenyewe, ndivyo lilivyoumbwa, na siku za mtihani lilikuwa linamwonea haya mtahini. Kisha akaomba warudi njia panda ile ile. Akasimama. Wakarudi tena. Akasimama. Mara ya tano Bi Breki aligeuka, akaona uso wa mzee wa miaka sitini unafunguka.

Mtihani aliupita. Mtahini aliandika kwamba anasimama vizuri, labda kupita kiasi. Mkuu wa shule akamwita Bi Breki ofisini, akaiweka stepla kwenye droo, na safari hii akamtazama usoni. Akasema Mwalimu abaki garini. Na kuanzia kesho atakuwa na mwanafunzi mpya: mama mkwe wa mkuu mwenyewe. Kama hiyo ilikuwa imani au adhabu, walimu wenzake hawajakubaliana mpaka leo.

Mama mkwe alifika saa mbili kamili, mkoba mapajani, akakaa mbele ya usukani bila kuonyeshwa. Akachungulia miguuni kwa Bi Breki.

"Hapo kwako kuna breki?"

"Ipo, mama."

"Usiiguse."

Bi Breki akavua viatu, akaviweka kiti cha nyuma, akaiweka miguu pembeni ya breki, akamwambia awashe gari.