Picha Inayozunguka Uwanja wa Mama

Mjomba alipotuma picha ya jiko la uani lililoanguka, mama aliitazama kwenye simu yangu, kisha akanirudishia simu. Alikuwa anakaa kwangu Mbinga tangu avunjike nyonga, na barabara ya kushuka kwetu Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, hakuiweza tena. Mjomba, mdogo wake, ndiye aliyebaki kule ufukweni akimwangalizia nyumba. Sasa alikuwa anasema ziwa limepanda, uwanja umeliwa, na nyumba imeinama kulifuata jiko. Mnunuzi wa kiwanja amepatikana, na Jumapili yeye mjomba atapanda Mbinga kuchukua jibu la mama.

"Kitovu changu kiko pale," mama alisema. "Lakini kama nyumba imekufa, imekufa."

Mimi nina hasira za karibu, watu wa Mbinga wananijua. Picha ya kona moja haikunitosha. Nikawauliza wote niliowafahamu Liuli, na mwanakwaya mmoja wa zamani akanitumia kiungo. Wageni wa utalii walikuwa wamesimama juu ya mwamba jirani na kwetu wakapiga picha ya mzunguko mzima, ile ambayo mtazamaji anaigeuza mwenyewe anakotaka, wakaiweka mtandaoni. Kwenye simu yangu ilifunguka imekunjamana, ziwa limepinda kama chapati iliyoharibika. Ilitaka programu yake.

Nina duka la stesheneri, na kompyuta yangu imezoea kuchapa barua, si makubwa kama hayo. Nilipakua programu, ikakataa. Kivinjari changu kilikuwa cha kizamani. Nikapakua kivinjari kipya, bando likaisha. Nikaweka bando jingine, umeme ukakatika. Wateja wakaniuliza kama nimegombana na mtu. Nikawaambia ndiyo, na huyu hapa mezani.

Jumamosi mchana programu ilikubali kusakinishwa. Nikabofya kiungo, na ziwa likajaa kioo kizima, la bluu, limenyooka. Nilipiga kelele mpaka muuza nyanya wa jirani akaja mbio akidhani nimeibiwa. Nikafunga duka, nikapakia kompyuta yote kwenye bodaboda, kioo nimekipakata mwenyewe, nikampelekea mama.

"Mama, nizungushe kushoto au kulia?"

"Geuza kuelekea mlimani."

"Kushoto au kulia, mama!"

"Mlimani! Umekaa huku juu mpaka umesahau kwenu? Lipe ziwa mgongo."

Watu wa ufukweni tunaelekezana hivyo. Kuna ziwani na kuna mlimani. Kushoto na kulia ni mambo ya shuleni. Nikavuta kipanya, picha ikakimbilia upande nisioutaka, maana kwenye programu ile ukivuta huku, macho yanakwenda kule. Nikafoka. Mama akacheka, akaniambia nivute taratibu. Mwamba ukapita, mihogo ikapita, likaja jiko lililoanguka, na pembeni yake nyumba ya mama imesimama wima, bati zote juu, uwanja mpana kama alivyouacha.

Mama alipiga kigelegele akiwa kitini, na nyonga yake ile. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Jioni nzima tulizunguka uwanja ule, akinionyesha kila mti kwa jina la aliyeupanda.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema, akaenda kulala.

Jumapili baada ya ibada mjomba alifika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Huku kwenu baridi, jamani."

Nikampa chai. Hakuwa ameimaliza mama aliponiashiria, nikawasha kompyuta, nikalipa ziwa mgongo bila kuuliza. Nyumba ikatokea. Mjomba aliinama karibu na kioo, akakohoa.

"Hiyo picha ya zamani, dada. Kabla ya maji."

"Na jiko hili, mjomba?" nikamuuliza. "Lilianguka zamani, likasimama, likaanguka tena?"

Mama akaniambia nisogeze karibu, pale kwenye vichanja vyake vya kuanikia. Vilikuwa vimejaa usipa, dagaa wetu wa Nyasa, wanametameta juani. Mtu mmoja ameinama akiwageuza. Sura yake ilikuwa imetiwa ukungu, kama wanavyofanya kwenye picha hizo ili watu wasitambulike. Lakini kofia hawakuitia ukungu. Ilikuwa kofia ya sufu, nyekundu yenye mistari ya kijani, na mama aliyeifuma alikuwa ameketi hapo hapo na kikombe chake mkononi.

Mjomba aliinua mkono polepole, akaivua kofia ile ile kichwani mwake, akaiweka mapajani.

"Ivae, mdogo wangu," mama alisema. "Mbinga kuna baridi. Na kesho ukishuka, mwambie huyo mnunuzi wako kwamba mwenye nyumba ameshafika kwake, amezunguka uwanja wote, na sasa anasubiri usipa wake."