Barrio Si Jina la Mgahawa

Barrio ni neno la Kihispania. Ukilitafsiri haraka utasema mtaa, na hutakosea sana. Mimi nilifundishwa na jirani yangu hapa Parkdale, huku ughaibuni, mama mtu mzima kutoka Ekwado, mlango wake ukitazamana na wangu. Nikienda kufunga maboksi ghalani Rexdale, pembezoni mwa mji, yeye ndiye aliyekuwa akibaki na binti yangu. Mambo ya kupigiana simu kwanza hatukuwa nayo. Mtoto anasema "hodi!" anaingia, kama nilivyomzoesha, na yule mama anaitikia "karibu" kwa lafudhi yake ya ajabu na kumpakulia alichopika.

Siku moja alimfokea mwanangu kwa kuchora ukutani, kisha akaniangalia aone kama nimenuna.

"Mfokee tu, mama. Ni wako huyo."

Akacheka. "Basi hapa ni barrio. Kwetu matajiri wana anwani. Barrio ni sisi tunaogombezeana watoto."

Baadaye wakamtoa yule mama nyumbani kwake. Mwenye jengo alidai anakarabati; alichofanya ni kupaka rangi na kubadilisha sinki, kodi ikapaa. Mama wa watu akahamia kwa mwanawe, mbali, nje ya mji. Mimi nikapunguza zamu, maana nani atakaa na mtoto? Halafu pale chini kwenye kona, palipokuwa na mashine za kufulia, wakafungua mgahawa. Taa nyekundu: BARRIO. Watu wanakula humo hata wa meza ya pili hawamsalimii. Nilitamani kurusha jiwe, Mungu anisamehe.

Jumamosi moja nikiwa jikoni, binti yangu, ana miaka mitano, akavuka korido. "Hodi!" Akasukuma mlango, akaingia. Mpangaji mpya hakumfokea. Hata jina hakumwuliza. Alimpigia simu meneja wa jengo.

Meneja akaja kwangu na ule upole wao wa kuudhi. "Akionekana tena peke yake, itabidi tuwaite watu wa ustawi wa watoto."

"Alikwenda kusalimia!"

"Aliingia nyumba ya mtu."

Yaani ninyang'anywe mtoto kwa sababu ya hodi! Nikafunga mnyororo wa mlango, nikachuchumaa, nikamwambia mwanangu kuanzia leo asibishe hodi kwa mtu yeyote.

"Hata wakipika?"

"Hata wakipika."

"Na wewe ukianguka, je?"

Nikamfundisha namba ya polisi. Akairudia kwa Kiingereza safi, bila kukosea.