Mwalimu wa Redioni

Juzi nilikuwa nanyolewa hapa Kayole, afisa mmoja akasema kwenye runinga kwamba wakati wa korona watoto wote waliendelea kusoma nyumbani. Niliruka kitini.

"Tulia, buda, nitakukata," kinyozi akasema.

Mimi nilisoma kwa redio. Simu ya mama ilikuwa ya vibonye, na shule zilikuwa zimefungwa. Alasiri moja alinivalisha sare yote, mpaka soksi, akaniketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chumba kilinuka mafuta ya taa na nguo zilizokataa kukauka. Mwalimu wa redioni akauliza saba mara nane ni ngapi, kisha akanyamaza kidogo. Nikainua mkono, nikasimama wima.

"Hamsini na nne, Mwalimu!"

"Vizuri sana!" akajibu.

"Mama, amenisikia!"

"Basi ongeza sauti," mama akasema, akifurahi kama mimi.

Sikujua ile sauti ilirekodiwa zamani, na kwamba ingempongeza hata paka. Sikujua pia kwamba ng'ambo ya mji watoto wa rika langu walionana na walimu wao kwenye kompyuta na kusahihishwa papo hapo. Mimi nilipongezwa kwa makosa yangu miezi mingi.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wa darasa akauliza saba mara nane, nikajibu hamsini na nne kwa sauti kubwa. Darasa likacheka. Mwalimu akaniuliza kwa ukali, "Wewe ulikuwa wapi wenzako wakisoma?"

Nilikuwa juu ya ndoo, Mwalimu, nimevaa sare yenu, nimeinua mkono.