Soda ya Binti Yangu

Binti yangu wa miaka tisa ana kisukari. Muhula ulipofunguliwa, nilisimama mbele ya walimu wake hapa mtaani Komarock, Nairobi, na chupa ya soda mkononi. Mwalimu wa hesabu akashtuka: "Mama, huyu si amekatazwa sukari?"

Nilimkatiza. Kila siku ndiyo, amekatazwa, lakini sindano ya insulini ikizidi chakula, sukari yake ya damu itashuka, atatetemeka na kusinzia. Usimwulize jana alilala saa ngapi, mpe soda hapo hapo! Niliwafanyisha mazoezi mara tatu, mpaka mpishi na soja, yaani mlinzi, wa geti.

Mwezi uliofuata mwalimu yule akanipigia simu. Nilikuwa nishavaa kiatu kimoja aliposema, "Mama, sukari ilishuka. Nimempa soda, nikampima tena na kile kipimo chake, imepanda. Saa hii yuko uwanjani anacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira."

Nikavua kiatu.