Jicho Walilolisifia

Harufu ya gundi ya plasta hainitoki puani. Nikiisikia tu dukani kwa muuza dawa, narudi kwenye ukumbi wa nyumba yetu ya Kariakoo, nyuma ya maduka ya vitenge, ambako hewa ilinuka dagaa na binzari tangu asubuhi. Nilikuwa na miaka mitano na makengeza. Jicho langu la kushoto lilikimbilia puani. Kwetu hayo hayakuwa maradhi, yalikuwa urembo. Mashoga wa shangazi walinishika kidevu, wakanigeuza kwenye mwanga kama wanaochagua nyanya, wakasema kajicho ka mahaba hako, huyu atagombewa. Mtoto wa miaka mitano, eti atagombewa. Nilikuwa namimina chai nje ya kikombe na kujigonga kwenye miimo ya milango, nao wakicheka na kusema nina maringo.

Mwenye kauli nyumbani alikuwa Shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa baba. Aliuza vitenge, na kwa kuwa wateja walimwita bosi, aliamini anajua kila kitu, kuanzia ndoa za watu hadi matumbo yao. Mama alikuwa mtu wa ndiyo wifi, sawa wifi. Mara moja tu alithubutu, akanipeleka kimya kimya kliniki ya macho upande wa Upanga. Daktari alimweleza taratibu kwamba jicho la kushoto limezoea uvivu kwa sababu la kulia linafanya kazi yote. Tuzibe la kulia kwa saa kadhaa kila siku, la kushoto lilazimike kutazama. Tukizembea mpaka niwe mkubwa, hata miwani haitalisaidia. Nilirudi nyumbani nimebandikwa plasta jicho la kulia, nalia njia nzima, maana la kushoto lilikuwa likiona ukungu mtupu.

Shangazi alitukuta ukumbini. Nilimwamkia, "Shikamoo shangazi," hata hakuitikia.

"Wifi, una akili kweli wewe? Jicho bovu ni hili, umeziba zima?"

"Daktari ndivyo alivyosema, wifi."

"Basi hukumsikia vizuri. Mtu akiumia mguu wa kushoto, unamfunga bandeji wa kulia?"

Baba akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka kila dada yake aliposema upuuzi. Mama akainamisha kichwa. Shangazi akabandua plasta, ikatoka na vinyweleo vya nyusi, akaibandika jicho la kushoto. Nikanyamaza papo hapo, kwa sababu sasa nilikuwa naona. "Mnamwona?" akawaambia. "Hata halii tena." Huo ndio uliokuwa uchunguzi wake wote. Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani alinibandika kwa mkono wake mwenyewe, na hakukosa hata siku moja. Laiti angekuwa mvivu.

Masika ilipoisha tulirudi kliniki. Daktari aliitazama plasta, akauliza nani kaihamisha. Mama akasema tumeihamisha sisi. Alimlinda wifi yake mbele ya mtu pekee aliyekuwa akinilinda mimi. Daktari hakugomba, alituomba tuanze upya, akasema muda bado upo. Lakini nyumbani shangazi alishatangaza kwamba nimepona, kwa kuwa silii, na katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumbishia. Hatukurudi tena.

Leo nyumba ile imebomolewa, limesimama ghorofa la maduka, na wala sijawahi kuililia. Ninaishi Magomeni. Jicho langu la kushoto bado linaona ukungu uleule. Binti yangu ana miaka minne na makengeza kama yangu, na anazibwa jicho la kulia kila siku, analia, nami namwacha alie huku namsomea hadithi. Juzi shangazi alikuja kututembelea, mzee sasa, sauti ileile. Akamwambia mume wangu kwamba yeye ndiye aliyenitibu. Kisha akamvuta mtoto, akasema, "Kachukua uzuri wa mama yake, mnauficha wa nini?" Mkono ukaanza kupanda kwenye plasta.

Niliudaka mkono ule na kuurudisha mapajani kwake. "Hili huligusi, shangazi," nikamwambia, na mume wangu hakucheka. Shangazi akanuna, akahamia kiti kilichokuwa kushoto kwangu. Nilimwacha akae hukohuko. Upande huo simwoni vizuri, na sina haja.