Afande wa Mashine ya Mpunga

Nilistaafu nikiwa kanali wa jeshi la anga, upande wa ugavi. Maisha yangu yote kazini nilisimamia mizigo ya kijeshi inayopakiwa ndegeni. Siku hizi mke wangu hunituma mchele.

Juzi nilikuwa kwenye mashine ya mpunga hapa Kagongwa nikisubiri zamu yangu, mara nikasikia sauti, "Afande, njoo utusaidie." Tangu niondoke kikosini hakuna aliyeniita hivyo. Niligeuka nikaona lori na vibarua, magunia mengine juu, mengine chini.

"Mazito yatangulie mbele," niliwaambia. "Msirundike nyuma, uzito ukae sawa."

Walitazamana, kisha wakatii, wakidhani nimetumwa na tajiri wao. Nilisimama juani kifua mbele, nikinyoosha kidole, na masikioni nikasikia ndege zikiunguruma. Gunia la mwisho lilipopanda, nilitamani yangekuwepo mengine.

Ndipo mama mwenye mashine akatoka. Nikangoja shukrani.

"Shikamoo, baba," alisema taratibu. "Huu mpunga walikuwa wanaushusha."

Mlinzi wa getini akasogea na sare yake iliyochakaa. "Samahani, mzee. Afande waliyemwita ni mimi."

"Kwani baba wewe ni nani?" mama akauliza.

Vibarua wote wakanigeukia. Nilifungua kinywa nitaje cheo changu, nikajikuta nasema, "Mteja tu, mama. Nimefuata mchele."